Gumegume la Magadi: Jina Letu Katika Elimu ya Madini

Nilipokuwa ng'ambo nikisomea shahada ya pili, nilifungua siku moja kamusi kubwa ya madini. Mimi si mtaalamu wa mawe. Nilikuwa nikichunguza jinsi Kiingereza kinavyounda istilahi zake. Humo nikakutana na majina mawili yaliyonishtua: magadiiti na kenyaiti. La pili halihitaji maelezo. La kwanza limetokana na neno alijualo kila mpishi wa Kangemi na Kawangware, kwani ndiyo magadi yatiwayo katika maharagwe ili yaive upesi. Neno la jikoni lilikuwa limevuka bahari na kuingia katika vitabu vya sayansi.

Miaka kadhaa baadaye, katika darasa langu hapa Nairobi, mwanafunzi mmoja aliniomba nimfafanulie madini hayo kwa Kiswahili kitupu. Nilianza vizuri, na katika sentensi ya tatu nikakwama. Nilipofika kwenye jiwe ambalo madini hayo hugeuka kuwa, nilisema tu "jiwe gumu," na darasa likacheka. Makala haya ni jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Aliyeyatangaza madini hayo ni Hans Eugster, mzaliwa wa Uswisi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani hadi alipofariki mwaka 1987. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Science maelezo ya tabaka jeupe alilolikuta katika mashapo ya kale ya Ziwa Magadi. Ziwa hilo liko kilomita mia moja hivi kusini-magharibi ya Nairobi. Msafiri hupita Kiserian, huuzunguka mgongo wa vilima vya Ngong, kisha huteremka katika Bonde la Ufa kutoka kimo cha mita 1,700 hivi hadi mita 600. Tabaka lenyewe likiwa na maji ni laini kama unga uliokandwa, likikauka hukakamaa.

Ili tuelewe umuhimu wake, hatuna budi kuanza na kwatsi. Ningependa kuandika "kwazi," lakini kwazi ni ndege, tena tai mla samaki. Kwatsi ni muungano wa silikoni na oksijeni, atomi moja ya ile kwa mbili za hii. (Wako wauitao muungano huo "silika," na msomaji akadhani tunazungumzia tabia ya kuzaliwa nayo!) Ni madini yaliyoenea mno: sehemu kubwa ya mchanga tunaojengea ni kwatsi. Mafundi saa wa River Road wanayo mezani kila siku, kwa maana katika saa iitwayo na wengi "saa ya betri" mna kipande chake kidogo ambacho umeme hukitetemesha mara 32,768 kwa sekunde, na mitetemo hiyo ndiyo ihesabiwayo kuwa wakati.

Hata hivyo, Kiswahili hakikuwa maskini katika jambo hili. Bilauri, kabla ya kuwa chombo cha kunywea maji, ni neno lililotoka Kiarabu, ambako hutaja kwatsi safi ing'aayo kama kioo. Akiki, lile jiwe jekundu la pete, ni kwatsi ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Gumegume, lililotoa cheche katika bunduki za kale, nalo ni kwatsi ya chembe ndogo. Wahenga wetu walikuwa na majina matatu ya ndugu hawa, ila hawakujua kwamba ni ndugu.

Sasa turudi Magadi. Maji ya ziwa hilo ni makali kwa magadi, na maji ya namna hiyo huyeyusha silikoni ya miamba ya volkeno kwa wingi kuliko maji ya kawaida. Eugster alifikiri kwamba mvua inyeshapo, maji matamu hutanda juu ya yale mazito, ukali hupungua mahali yanapokutana, na silikoni isiyoweza kubaki katika maji hutuama pamoja na sodiamu kidogo. Hiyo ndiyo magadiiti. Humo kila atomi 1 ya sodiamu ina 7 za silikoni. Maji yakizidi kuisafisha, sodiamu hupungua. Katika kenyaiti hesabu ni 1 kwa 11. Ikiisha kabisa, kinachobaki ni kwatsi ya chembe ndogo: gumegume.

Kabla ya hapo wataalamu wengi walihusisha matabaka ya gumegume na viumbe vidogo vya majini vyenye magamba ya silikoni. Lakini miamba ya kale sana, iliyotangulia viumbe hivyo, nayo ina gumegume. Magadi ilionyesha njia nyingine, na tangu hapo wanajiolojia duniani husema "gumegume la aina ya Magadi." Mjadala haujafungwa: mwaka 2021 watafiti wengine walitoa ushahidi kwamba baadhi ya gumegume la huko liliganda kutokana na ute wa silikoni, bila kupitia magadiiti.

Pendekezo langu, basi, ni kwamba jiwe hili liitwe gumegume katika vitabu vyetu vya shule. Kulitohoa jina la Kiingereza kutatupa "cheti," na cheti tunakijua. Kwatsi na atomi tumeazima, wala si aibu, lakini sioni sababu ya kuazima kile kilichomo ghalani mwetu.

Nilimsomea mwanafunzi wangu rasimu hii. Hakuridhika. Alisema kwamba gumegume katika kamusi ni pia mtu asiyefaa kitu, na kwamba watoto wa Dagoretti watacheka kama darasa letu lilivyocheka. Hoja hiyo ina uzito, nami sijapata ya kuishinda. Katika orodha ya istilahi tunayoiandaa tumeandika "gumegume," na mbele yake, kwa kalamu ya risasi, yeye ameweka alama ya kuuliza.