Binti Yako Ameipanga Kesho?

Wasichana wa sekondari tunaowafundisha kanisani husema watakuwa wauguzi au walimu (uuguzi, labda kwa kutupendeza sisi). Tukiuliza, "Mwaka ujao utafanya nini ili ufike huko?" kimya. Basi tunawapa karatasi: anza na umri wa miaka 25, rudi nyuma mwaka mmoja mmoja hadi leo.

Mmoja alifika 17, kalamu ikasimama. Alikuwa mjamzito.

Novemba 2021 Serikali ya Tanzania iliruhusu wanafunzi waliojifungua warudi shuleni. Mama yake hakuwa na habari. Tulimfuata nyumbani, alilia sana, kisha akaomba ile karatasi. Penye 17 waliandika pamoja: kunyonyesha, bibi abaki na mtoto, kidato cha tatu Januari.