Sponji Ndani ya Tairi: Ukataji Wake katika Malori Madogo ya Rimoti

Tairi la lori dogo linaloendeshwa kwa rimoti hufanana kwa sura na tairi la lori halisi, lakini halina valvu wala upepo wa kujazwa kwa pampu. Kinachobeba uzito wa gari ni pete ya sponji iliyovikwa juu ya rimu na kufunikwa na ganda la mpira, huku hewa ikiingia na kutoka kupitia vitobo vidogo vilivyo ama kwenye rimu ama kwenye tairi lenyewe. Kwa sababu hiyo, marekebisho ambayo dereva wa gari halisi huyafanya kwa kuongeza au kupunguza upepo, mwenye lori dogo huyafanya kwa kuchagua sponji ya ugumu fulani na kisha kuikata. Upepo uliopunguzwa hurudishwa, ilhali sponji iliyokatwa hairudi. Lakini upepo husukuma pande zote kwa nguvu ileile, wakati sponji husukuma pale tu inapogusa, na hapo ndipo ukataji unapopata thamani yake, kwani fundi anaweza kulegeza bega la tairi na kuacha katikati pakiwa pagumu, jambo ambalo hakuna pampu inayoweza kulifanya.

Sponji zenyewe ni za aina mbili kuu. Sponji ya matundu wazi, ambayo vijumba vyake vya hewa vimepenyana, ni ya jamii moja na sponji ya magodoro: hubonyea kwa urahisi, hunywa maji, na baada ya kutumika kwa muda hulegea na kupoteza umbo. Sponji ya matundu fumbe, ambayo kila kijumba kimejifunga peke yake, hainywi maji kwa kiasi cha kusumbua na hudumu zaidi, ingawa huuzwa kwa bei ya juu. Zipo pia pete za tabaka mbili, ngumu upande wa rimu na laini upande wa nje, ambazo hupendwa na waendeshaji wa malori ya kupanda miamba. Anayechonga pete kutokana na godoro chakavu hakosei, mradi gari lake liwe la mwendo wa pole na lisipitishwe majini.

Kabla ya kushika kisu, ni lazima ijulikane gari litakimbia kwa kasi gani, kwa kuwa kitu kinachozunguka huvutwa kuelekea nje kwa nguvu inayokua kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiongezeka mara 2, mvuto huo huongezeka mara 4. Lori lenye tairi za kipenyo cha milimita 145, likienda kilomita 60 kwa saa, huufanya uso wa tairi uvutwe nje kwa nguvu inayokaribia mara 390 ya uzito wake, kiasi kwamba kila gramu 1 ya mpira huvuta kana kwamba ni gramu 390. Mpira hutuna katikati, tairi huwa refu na jembamba, na eneo linalogusa ardhi hupungua. Wapo wanaodhani kuwa sponji nene itazuia kutuna huko, lakini dhana hiyo si sahihi, kwa sababu sponji nayo huvutwa nje pamoja na mpira. Kinachozuia ni utepe imara au kitambaa kilichofumwa ndani ya ganda la tairi. Hata hivyo, sponji iliyopunguzwa kupita kiasi huongeza tatizo jingine, kwani hupata nafasi ya kuhama upande mmoja, na gurudumu zima huanza kuyumba. Kwa upande mwingine, lori la kupanda miamba lenye tairi za milimita 120, likitambaa kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, hupata mvuto usiofikia hata mara 2 ya uzito wake. Hilo ndilo linaloruhusu sponji yake kukatwa kwa ujasiri ambao katika lori la mashindano ya kasi ungekuwa uharibifu mtupu.

Katika malori ya kasi, sehemu inayostahili kukatwa kwa kawaida ni pembe za nje za pete, wala si upana wake wote. Pete nyingi hutengenezwa zikiwa na pembe za mraba, ilhali ndani ya tairi pamepinda; pembe hizo zikilazimishwa humo, hujikunja, husukuma ubavu wa tairi nje, na kuinua kashata za pembeni, yaani vile vipande vya mpira vinavyochomoza usoni mwa tairi, zisilale sawasawa ardhini. Kuondoa ukanda wa milimita 3 hadi 5 kwa mshazari, kuzunguka kila pembe, kwa kawaida hutosha. Kipimo cha kuaminika ni kulivika tairi kwenye rimu bila gundi na kulibonyeza kwa kidole gumba hatua kwa hatua hadi mzunguko ukamilike: mahali penye kifundo panaonyesha sponji iliyojikunja, mahali panapozama ghafla panaonyesha pengo, na pale ambapo ukingo wa tairi unakataa kuketi ndani ya mfereji wa rimu, bila shaka sponji imebanwa katikati, na gundi itakayopakwa hapo itabanduka mapema.

Lori la kupanda miamba hudai kazi ya namna nyingine. Rimu yake ya inchi 1.9, ambayo ni kama milimita 48, ikiwa ndani ya tairi la milimita 120, huacha nafasi ya sponji yenye unene wa karibu milimita 30, na nafasi hiyo ndiyo inayomwezesha fundi kuchonga mapengo yenye umbo la herufi V kwenye mzingo wa nje, kwa kina cha milimita 10 hadi 15, bila kuigusa sehemu ya ndani inayoikumbatia rimu. Meno yanayobaki hujikunja moja moja, hivyo tairi hulikumbatia jiwe badala ya kuteleza juu yake. Mapengo hayo yachorwe kwanza kwa kalamu, yakiachana kwa umbali sawa, na yaepuke kiungo cha pete pale inapokuwa imeundwa kwa kuunganishwa ncha mbili. Ni busara tairi za nyuma zikatwe kidogo kuliko za mbele, kwa kuwa lori linapopanda mlima mkali uzito mwingi huhamia nyuma, na tairi laini mno hujipinda chini yake hadi gari kupinduka kinyumenyume.

Kuhusu zana, mkasi mkali hutosha kwa pembe, na msasa huku pete ikizungushwa juu ya rimu hutoa uso laini kuliko kisu chochote. Waya wa moto hukata vizuri sana, lakini moshi wa poliurethani inayoungua una gesi za sumu, na hakuna tairi la mchezo linalostahili hatari hiyo ndani ya chumba. Vumbi la msasa nalo linahitaji barakoa.

Pete zikishakatwa, zipimwe kwenye mizani ndogo ya gramu, kwa kuwa tofauti baina ya kushoto na kulia hulifanya lori livute upande mmoja, na pete isiyolingana katika mzunguko wake hutikisa gurudumu na kuchakaza beringi. Gundi ya sianoakrilati, ile inayojulikana kama supagluu, ipakwe mwisho kabisa, baada ya lori kujaribiwa kwa mwendo wa taratibu, kwani tairi likishagandishwa, kulibandua hulazimu kulichemsha majini au kulilowesha ndani ya asetoni, kemikali ambayo rimu za nailoni huistahimili lakini huzipasua zile za polikaboneti.