Batoto, kitabu na mizani

Siku ya posho jioni, siye ba sindika tunasomeaka batoto kitabu ya Upton Sinclair, King Coal, ya 1917. Hal, kijana wa tajiri, anajificha kama mchimbaji wa makaa Marekani. Mizani ya kampuni inaiba kilo. Hal anaomba wachimbaji waweke mtu wao pale, anafungwa.

Mtoto moja akauliza: «Ile ni Marekani ao ni depo ya kwetu?» Baba yake akainamisha kichwa.

Habari ilitoka kwa mgomo wa kweli kule Colorado. Tarehe 20 Aprili 1914, pale Ludlow, askari walishambulia kambi ya wagomaji, mahema ikachomwa. Watoto 11 na mama wawili walifia ndani ya shimo, chini ya hema. Tulisitasita kuwaambia, lakini tuliwaambia. Bakanyamaza. Kiisha bakaomba turudilie ukurasa wa mizani.