Fahamu: Kwa nini nywila ya kazini huishia kubandikwa ukutani

Chukulia uko Mbaha, ufukweni mwa Ziwa Nyasa: ofisi ina kompyuta moja na watumishi wanne. Mfumo unamtaka kila mmoja awe na nywila yake, ndefu, yenye herufi, namba na alama, na baada ya miezi michache unadai nyingine. Mtandao ukiyumba, unaanza upya, na foleni iko mlangoni. Basi inabaki nywila moja ya wote, kwenye kikaratasi ukutani. Si uvivu huo.

Masharti haya yana mwasisi. Mwaka 2003 Bill Burr, wa taasisi ya viwango ya Marekani (NIST), aliandika mwongozo ulioshauri nywila zibadilishwe mara kwa mara. Mwaka 2017 alikiri kujutia sehemu kubwa ya alichoandika, na NIST ikaacha kushauri mabadiliko ya lazima ila pale nywila inapovuja. Watu walikuwa wanageuza Juma1 kuwa Juma2 tu!

Lakini sheria haijali uchovu wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania, ya 2015, inaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini: faini isiyopungua shilingi milioni 3, kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Tena kwenye nywila ya pamoja, rekodi ikifutwa, anayeulizwa ni yule ambaye akaunti iko kwa jina lake.

Mfumo ukikushinda, mwandikie ofisa TEHAMA wa halmashauri, na nakala ya barua ubaki nayo.