Kihispania cha Mfuko wa Safari

Kijana wa Kuze anayewapitisha wageni katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, hujifunza kwanza salamu: "Buenos días." Ni vyema, lakini salamu haimwokoi mtu baharini. Mgeni Mhispania akitaka matembezi ya mashua, yako maneno mengine yanayostahili kutangulia.

La kwanza ni "agua", maji ya kunywa. Kisha "botiquín", tamka botikín, ndilo sanduku la dawa za huduma ya kwanza. "Linterna" ni tochi, na "cuerda" ni kamba. Kubwa kuliko yote ni "chaleco salvavidas", jaketi la kuokolea. "Salva" ni okoa, "vidas" ni maisha. Hilo halitiwi mfukoni. Mgeni aambiwe "Póngaselo", yaani livae, kabla nanga haijang'olewa.

Mswahili asiiogope lugha hii. Meza kwa Kihispania ni "mesa", na bendera ni "bandera". Sisi tuliyapata maneno hayo kwa Wareno, ambao lugha yao ni jamaa ya Kihispania. Hata Fort Jesus ilianza kujengwa mwaka 1593 wakati Mfalme Felipe wa Pili akitawala Uhispania na Ureno pamoja.

Basi vijana na wafunzane barazani jioni: mmoja ataje kitu, mwenziwe akitie mfukoni. Na wakumbuke kwamba mgeni hutikisa kichwa kwa adabu tu. Aliyeelewa ni yule ambaye jaketi lake limekwisha fungwa.