Maji Chini ya Nyumba: Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Pampu ya Shimo

Wanafunzi wengi wa sekondari wamewahi kuulizwa katika mtihani kwa nini meli ya chuma huelea. Ni wachache waliowahi kuulizwa kwa nini nyumba haielei. Swali hili la pili si la mzaha. Chumba kilichojengwa chini ya ardhi, mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, ni chombo kitupu kilichozamishwa majini, na kanuni ya Archimedes haijali kama chombo hicho kimeundwa kwa mbao, kwa chuma au kwa zege.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani kwa ndoo, mchanga na kopo tupu la maziwa ya unga. Kopo lisimamishwe ndani ya ndoo, mchanga ujazwe pembeni mwake mpaka karibu na ukingo, kisha maji yamiminwe polepole juu ya mchanga. Mchanga ukisha kulowa vya kutosha, kopo huanza kutikisika na kupanda. Hapo hakuna aliyeligusa. Ni maji tu yaliyopenya kati ya chembe za mchanga na kusukuma kitako chake kwenda juu.

Sasa tufanye hesabu. Ikiwa usawa wa maji ya ardhini uko mita 1 juu ya kitako cha sakafu ya chini, kila mita moja ya mraba ya sakafu hiyo husukumwa kwenda juu kwa kani ipatayo newtoni 9,800, yaani sawa na uzani wa tungamo la kilogramu 1,000. Sakafu ya zege yenye unene wa sm 20 ina tungamo la kilogramu 480 hivi kwa kila mita ya mraba. Ni dhahiri kwamba sakafu peke yake haiwezi kuyashinda maji; hushikiliwa na nondo zilizofungwa kwenye kuta na uzito wa jengo lililo juu. Mabwawa ya kuogelea yaliyomwagwa maji wakati ardhi imelowa yamewahi kung'oka na kuinuka kwa sababu hiyohiyo. Na pale ambapo zege halikuinuka wala kuvunjika, maji hutafuta ufa, nao hata ukiwa mwembamba kama uzi huwatosha.

Wahandisi wana njia mbili za kukabiliana na tatizo hili. Ya kwanza ni kujenga chumba kizito na imara kisichopenyeka maji. Ya pili ni kuyashusha maji yenyewe: bomba lenye matundu huzikwa katika kokoto kuuzunguka msingi, maji huteremka humo hadi kwenye shimo lililochimbwa mahali pa chini kabisa pa sakafu, na pampu iliyomo shimoni huyainua na kuyatupa nje. Mara nyingi njia zote mbili hutumika pamoja. Makala haya yanahusu hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye kifaa kinachohitaji kutazamwa na mwenye nyumba siku zote.

Katika nchi za baridi vyumba vya namna hii ni vya kawaida, na sababu yake ni ya kifizikia. Huko ardhi huganda wakati wa kipupwe, na maji yanapoganda huvimba na kuweza kuuinua msingi. Kwa hiyo msingi hauna budi kufika chini ya kina cha mgando, ambacho katika jimbo la Michigan, Marekani, hukadiriwa kuwa zaidi ya mita moja. Mtu aliyekwisha kuchimba kiasi hicho huona afadhali achimbe kidogo zaidi apate chumba kizima. Katika chumba kama hicho, jimboni humo, mimi niliishi nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu. Usiku mmoja wa mwezi Machi, theluji ikiyeyuka na mvua ikinyesha juu yake, niliamka nikatia mguu katika maji yaliyofika juu ya kifundo. Makasha mawili ya madaftari yenye vipimo vya miaka miwili yalikuwa sakafuni. Mwenye nyumba alizima umeme wote kwenye swichi kuu, akaenda shimoni na kurunzi. Pampu ilikuwa mpya, yenye nguvu na ya bei kubwa. Haikuwa na ubovu wowote. Boya lake, lile ambalo hupanda na maji ili kuiwasha, lilikuwa limenaswa chini ya waya wa pampu yenyewe. Alipolinasua na kurudisha umeme, pampu ilikausha chumba kabla ya alfajiri. Wino wa madaftari yangu ulikuwa umekwisha kutawanyika, nami nilirudia vipimo vile kwa miezi kumi na minne.

Nimelitaja hilo kwa sababu watu wengi wanaponunua pampu huuliza swali moja tu: ina nguvu za farasi ngapi? Nalo ni swali dogo kuliko yote.

Jambo la kwanza la kujua ni maji yanaingia kwa kasi gani, na hili hupimwa kwa rula na saa. Siku ya mvua kubwa, zima pampu kwa muda na utazame maji yanavyopanda shimoni. Tuseme shimo ni la mviringo lenye kipenyo cha sm 60. Eneo lake ni mita za mraba 0.283. Maji yakipanda sm 10 kwa dakika moja, yanaingia lita 28.3 kila dakika. Mvua ya leo yaweza isiwe kubwa kuliko zote zitakazokuja, basi tuzidishe mara mbili na kutafuta pampu ya lita 60 kwa dakika, yaani lita moja kwa sekunde.

Jambo la pili ni kimo cha kuinulia. Huu ni umbali wa wima kutoka usawa wa maji shimoni hadi mahali bomba linapomwaga, ukiongezewa upotevu unaotokana na msuguano ndani ya bomba na katika kila kona. Tuseme kimo cha wima ni mita 4, na msuguano tuukadirie kuwa sawa na mita 1 zaidi. Kuinua lita moja, yaani kilogramu moja, kila sekunde hadi mita 5 huhitaji wati 9.8 × 5, yaani 49. Pampu ndogo hupoteza nishati nyingi. Ikiwa ni asilimia 30 tu ya umeme inayogeuka kuwa kazi ya kuinua maji, itatumia wati 163 hivi. Nusu ya nguvu ya farasi ni wati 373. Kwa hiyo mashine ya robo ya nguvu ya farasi yaweza kutosha mahali ambapo muuzaji anasisitiza ununue ya nguvu nzima. Lakini jihadhari na tarakimu iliyoandikwa kwenye boksi: mara nyingi ni kiasi cha maji kinachotoka pampu isipoinua chochote. Mtengenezaji hutoa pia mchoro unaoonyesha jinsi kiasi hicho kinavyopungua kadiri kimo kinavyoongezeka. Omba mchoro huo, na usome mstari wa mita zako 5.

Mtu atasema: nikinunua iliyo kubwa zaidi nitakuwa nimepoteza nini, zaidi ya fedha? Tuchukue shimo lilelile, na boya liwashe pampu maji yakipanda sm 25 juu ya usawa wa kuzimia. Hizo ni lita 71. Shimo litajaa kwa dakika mbili na nusu. Pampu ya lita 60 kwa dakika italishusha kwa zaidi kidogo ya dakika mbili, na itawaka kama mara 13 kwa saa. Pampu ya lita 300 kwa dakika italimaliza kwa sekunde 16, na itawaka kama mara 22 kwa saa. Kila mota inapoanza kuzunguka huvuta mkondo wa umeme ulio mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mkondo huo huzaa joto. Hivyo pampu kubwa katika shimo dogo hujichosha kwa kuwaka na kuzima. Mwenye fedha za ziada na apanue shimo, au anunue pampu ya pili. Katika majengo makubwa pampu mbili huwekwa zikipokezana zamu, na boya la juu zaidi huziwasha zote pamoja siku ambayo moja haitoshi au imekufa.

Kuna kifaa kidogo ambacho mafundi wengine hukiacha ili kupunguza gharama: vali ya njia moja, inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia kurudi. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha sm 5 na urefu wa wima wa mita 4 hubeba karibu lita 8. Bila vali, lita hizo hurudi shimoni kila pampu inapozima. Katika mfano wetu pampu ingekuwa inarudia zaidi ya sehemu moja ya kumi ya kazi yake, masika yote. Vali ikiwekwa, fundi stadi hutoboa pia tundu dogo la milimita 3 hivi kwenye bomba kati ya pampu na vali, ili hewa iliyonaswa ipate pa kutokea. La sivyo pampu yaweza kuzunguka ndani ya hewa bila kusukuma hata tone.

Hapa kwetu suala hili lilikuwa geni kwa muda mrefu, maana ardhi yetu haigandi na hatukuwa na sababu ya kuchimba. Bei za viwanja mijini zimeleta sababu hiyo. Katikati ya jiji la Dar es Salaam magari huegeshwa chini ya majengo marefu, katika mji uliokaa juu ya mchanga kando ya bahari. Mvua za Desemba 2011 zilizoua watu zaidi ya 40 jijini humo zilionyesha jinsi maji yanavyoweza kuja kwa ghafla. Katika mwambao yafaa pia kuuliza kama maji ya ardhini yana chumvi, kwani chuma cha kawaida huliwa upesi na maji ya namna hiyo. Ni heri kuchagua pampu ya chuma cha pua. Tena shimo lifunikwe barabara. Mbu hawabagui kati ya shimo la pampu na pipa la maji, na wakazi wa Dar es Salaam walioshuhudia mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 hawahitaji kuelezwa zaidi.

Umeme ndio udhaifu mkubwa wa mpango wote, kwa maana dhoruba inayoleta maji ndiyo hiyohiyo inayoangusha nyaya. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampia-saa 50 ina, kwa hesabu, wati-saa 600. Lakini betri ya risasi ikinyonywa zaidi ya nusu huharibika mapema, basi tuhesabu 300. Pampu yetu ya wati 163 ikifanya kazi mfululizo itaimaliza kwa muda usiofika saa mbili, na ikifanya kazi nusu ya muda, kwa saa tatu na nusu hivi. Anayejua umeme wa mtaa wake hukatika kwa saa sita afanye hesabu hiyo kabla ya kununua, au atafute jenereta, nayo iwashwe nje kabisa, kamwe isiwashwe ndani ya chumba cha chini, kwa kuwa moshi wake huua.

Kuhusu matunzo, adui wa pampu ya shimo ni kukaa bure. Miezi ya kiangazi sili zake hukauka, tope hugandamana, na mfuko wa plastiki hujikunja kwenye mdomo wa kunyonyea. Kila baada ya miezi mitatu, na kwa vyovyote kabla ya masika na kabla ya vuli, mimina ndoo za maji shimoni mpaka boya lipande. Pampu iwake yenyewe, maji yaonekane yakitoka kule nje, na izime yenyewe. Isiachwe kuzunguka katika shimo kavu, kwani pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayoizunguka. Kisha ichomolewe kwenye umeme, itolewe, isafishwe tope, na waya wake ufungwe kwenye bomba mbali na boya. Fundi umeme ahakikishe kwamba waya wa ardhi umeungwa na kwamba kipo kifaa cha kukata umeme unapovuja milliampia 30. Pia nenda nje ukatazame maji yanaishia wapi. Nimeona bomba linalomwaga hatua mbili kutoka ukutani. Maji yale yalizama mchangani, yakarudi kwenye kokoto za msingi, na pampu ikawa inayazungusha yaleyale usiku kucha.

Na ikiwa pamoja na hayo yote chumba kimejaa, usiingie kabla umeme haujakatwa, wala usikimbilie kukikausha kwa siku moja. Maji yaliyomo ndani husukuma kuta kwenda nje, wakati udongo uliolowa huzisukuma kwenda ndani. Ukiondoa upande mmoja ghafla, ukuta waweza kuangukia ndani na sakafu kupasuka. Ngoja mafuriko ya nje yapungue. Shusha maji sm 30, weka alama ya chaki ukutani, kisha ngoja hadi kesho yake. Ukikuta maji yamepanda juu ya alama, ardhi bado imejaa: zima pampu na usubiri siku nyingine.