Je, Wajua? Storm, Shujaa wa Mvua Aliyefika Serengeti

Storm wa kundi la X-Men, mwanamke mwenye nywele nyeupe anayeamuru mvua na radi, ana damu ya Afrika Mashariki. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1975 katika kitabu cha katuni cha Marvel, kazi ya mwandishi Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Jina lake ni Ororo Munroe. Mama yake, N'Daré, ni binti wa kifalme kutoka Kenya. Baba yake ni Mmarekani, mpiga picha wa habari. Jijini Cairo ndege iliangukia nyumba yao ikawaua wazazi, na mtoto akafukiwa kifusini. Tangu hapo huogopa mahali pa kubana. Aliishi kwa kuchomoa watu mifukoni, kisha akasafiri kusini hadi nyika za Serengeti, na hatimaye wanavijiji wakamwabudu kama mungu wa mvua.

Filamu zimemnyima sehemu hiyo ya Serengeti, iliyo bora kuliko zote. Ile ya mwaka 2000, aliyocheza Halle Berry, haikugusa utoto wake. X-Men: Apocalypse ya 2016, Alexandra Shipp akiwa Storm, ilirudi Cairo na wizi wake, ikaishia hapo. Mtazamaji anayetoka sinema huko Njiro, Arusha, akishika njia ya Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu, huifikia Serengeti siku hiyohiyo, lakini kamera za filamu hizo hazikufika huko.

Katunini, Ororo hufasiriwa kuwa "uzuri". Kwa Kiswahili, -ororo ni laini, kama katika ngozi nyororo.